Msafiri Mbele ya Jaji: Haki ya Kuvuka Mpaka Ulaya, Afrika na Karibi

Mwaka 2011, katika muda wa mwezi mmoja, wasafiri wawili wasiojuana walizuiwa katika viwanja viwili vya ndege, kila mmoja upande wake wa Atlantiki. Tarehe 14 Machi, Shanique Myrie, raia wa Jamaika, alitua Barbados katika uwanja wa Grantley Adams. Alihojiwa, akapekuliwa mwilini kwa namna ya kumdhalilisha, akalazwa mahabusu, na kesho yake akarudishwa kwao. Tarehe 13 Aprili, Samuel Mukira Mohochi, wakili wa Kenya, alitua Entebbe akiwa katika msafara wa wanasheria waliokuwa wakienda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Yeye alitengwa na wenzake, akashikiliwa, na siku hiyohiyo akapandishwa ndege ya kurudi Nairobi. Karatasi pekee iliyoandikwa kuhusu jambo hilo ilikuwa notisi ya kumrejesha mhamiaji aliyepigwa marufuku, na iliandikiwa shirika la ndege lililomleta. Msafiri mwenyewe hakuandikiwa chochote, wala hakuambiwa kosa lake.

Kwa mujibu wa mikataba, wote wawili walikuwa kwa jirani. Jamaika na Barbados ni wanachama wa Jumuiya ya Karibi, CARICOM. Kenya na Uganda ni waasisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Soko lake la Pamoja, linaloahidi uhuru wa watu kutembea, lilikuwa limeanza kazi tarehe 1 Julai 2010, miezi tisa tu kabla ya safari ya Mohochi. Wote wawili walikwenda mahakamani, na wote walishinda mwaka 2013: Mohochi mwezi Mei katika Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha, Myrie mwezi Oktoba katika Mahakama ya Haki ya Karibi.

Nazisoma hukumu hizi kwa pamoja, na kuziweka kando ya nyingine kutoka Luxembourg na Abuja, kwa sababu naamini kipimo cha kweli cha muungano wa kiuchumi kimo humo. Tumezoea kuzipima jumuiya kwa thamani ya biashara, idadi ya wanachama na mikutano ya marais. Mimi nasema tuzipime kwa swali moja: raia wa kawaida akizuiwa mpakani kinyume cha mkataba, je, anaweza kuishtaki serikali iliyomzuia, akasikilizwa kwa wakati, na akalipwa? Pale ambapo jibu ni ndiyo, pana muungano. Pale ambapo jibu ni hapana, pana urafiki wa serikali, na urafiki wa serikali hubadilika kila kiongozi anapobadilika au kukasirika.

Ulaya: mlango wa mahakama ya nyumbani

Mataifa sita yaliposaini Mkataba wa Roma mwaka 1957, yalikubaliana kutoongezeana ushuru wa forodha. Hakuna kifungu kilichosema kwamba raia anaweza kuudai mkataba huo mahakamani. Mikataba ya kimataifa ilichukuliwa kuwa makubaliano ya serikali kwa serikali: ikivunjwa, serikali inalalamika kwa serikali mwenzake, na mwananchi anasubiri.

Hali hiyo ilibadilishwa na shauri dogo sana. Kampuni ya usafirishaji ya Van Gend en Loos iliingiza Uholanzi kemikali ya kutengenezea gundi kutoka Ujerumani Magharibi, ikakuta bidhaa hiyo imehamishiwa fungu jingine la ushuru, kutoka asilimia 3 hadi 8. Kampuni haikupeleka malalamiko kwa waziri. Ilikwenda kwenye baraza la kodi la Uholanzi, nalo likaiuliza Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya huko Luxembourg: je, mlipa ushuru anaweza kuutumia mkataba huu dhidi ya serikali yake? Serikali za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani zilijitokeza kupinga. Tarehe 5 Februari 1963 Mahakama ilijibu kwamba anaweza, kwa kuwa mkataba umezaa haki za watu na siyo wajibu wa serikali peke yao.

Jambo la kujifunza hapa ni njia ambayo shauri lilipitia. Mlalamikaji hakufunga safari kwenda Luxembourg kutafuta haki. Alianzia kwenye baraza la nchi yake, kwa lugha yake, na mwamuzi wa nyumbani ndiye aliyeuliza swali kwa mahakama ya juu na kurudishiwa jibu. Kwa hiyo kila hakimu wa mji mdogo Ulaya aligeuka kuwa mlinzi wa mkataba.

Miaka kumi baadaye alifika msafiri. Mei 1973, miezi michache baada ya Uingereza kujiunga, Mholanzi aitwaye Yvonne van Duyn alitua Gatwick akienda kuanza kazi ya ukatibu katika Kanisa la Scientology. Serikali ya Uingereza haikulipiga marufuku kanisa hilo, lakini ililiona lina madhara kwa jamii, ikamkatalia kuingia. Mahakama ya Luxembourg ilitoa uamuzi wake Desemba 1974, na van Duyn alishindwa: Uingereza iliruhusiwa kumzuia kwa kulinda utaratibu wa umma. Hata hivyo uamuzi huohuo ulisema kwamba mfanyakazi anaweza kudai haki ya kuvuka mpaka mbele ya hakimu moja kwa moja, na kwamba sababu za kumzuia zitapimwa na mahakama. Van Duyn alikosa kazi, lakini maelfu waliokuja nyuma yake walipata njia.

Wapenzi wa kandanda wanamfahamu aliyefuata. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, alimaliza mkataba wake na klabu ya Liège, akazuiwa kuhamia Ufaransa kwa sababu ya masharti ya ada ya uhamisho. Alianzia mahakama ya Liège, na Desemba 1995 Luxembourg ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru kuhama ndani ya Umoja wa Ulaya bila ada, na kwamba mashirikisho ya soka hayawezi kuweka ukomo wa idadi ya wachezaji kutoka nchi wanachama. Ligi tunazozitazama leo kila mwisho wa juma zilisukwa upya na shauri la mfanyakazi mmoja.

Afrika Magharibi: ahadi pana, mlango uliofungwa

Ukilinganisha karatasi kwa karatasi, Afrika Magharibi ilitutangulia mbali. Jumuiya ya Kiuchumi ya Afrika Magharibi, ECOWAS, iliundwa Lagos mwezi Mei 1975, na mwaka 1979 ikasaini itifaki ya uhuru wa watu kuingia, kuishi na kuanzisha shughuli, pamoja na siku 90 za kukaa bila viza. Sisi wakati huo tulikuwa tumeivunja Jumuiya yetu ya kwanza, iliyokufa mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa.

Itifaki hiyo haikuwaokoa watu pale bei ya mafuta ilipoanguka. Januari 1983 serikali ya Nigeria iliwapa wageni wasio na vibali majuma mawili kuondoka. Walioondoka wanakadiriwa kufikia milioni mbili, na wengi wao walikuwa Waghana. Walifunga vilivyofungika katika mifuko mikubwa ya mirabamiraba, ile ambayo Tanzania tunaiita shangazi kaja, na huko mpaka leo mfuko huo unaitwa Ghana Must Go. Wapo waliokuwa wameoa, wamezaa na kujenga. Itifaki ilikuwa na masharti kuhusu namna ya kumwondoa mgeni, lakini hapakuwa na jaji wa jumuiya wa kuyasimamia.

Mahakama ilikuja baadaye. Itifaki ya kuiunda ilisainiwa mwaka 1991, majaji wakaapishwa mwaka 2001, na makao yakawa Abuja. Miongoni mwa waliobisha hodi mapema alikuwa mfanyabiashara wa Nigeria, Afolabi Olajide. Alikuwa ameingia mkataba wa kununua bidhaa Benin, na Agosti 2003 Nigeria ikaufunga mpaka wake na Benin. Mali hakuipata, na mkataba wake ukavunjika. Aliishtaki serikali yake kwa kukiuka uhuru wa watu na bidhaa kupita. Aprili 2004 Mahakama ilimjibu kwamba haina mamlaka ya kumsikiliza: mtu binafsi hawezi kuja peke yake, sharti serikali imletee shauri. Hebu tufikirie maana yake. Mtu aliyeumizwa na serikali yake aliambiwa aiombe serikali hiyohiyo imsemee dhidi ya yenyewe.

Kwa heshima ya ECOWAS, jibu hilo liliwakera wengi, majaji wenyewe wakiwemo, na Januari 2005 itifaki ya nyongeza ikawaruhusu watu binafsi kufika mahakamani wanapolalamikia ukiukaji wa haki za binadamu, bila kulazimika kwanza kumaliza mahakama za nchi zao. Mwaka 2008 Mahakama hiyo iliiamuru Niger imlipe Hadijatou Mani Koraou, mwanamke aliyekuwa ametiwa utumwani, faranga milioni 10 za CFA. Hukumu hiyo ilisikika bara zima.

Hata hivyo mlango uliofunguliwa ni wa haki za binadamu, na mfanyabiashara mwenye malalamiko ya biashara tupu bado hana pa kupita kwa urahisi. Agosti 2019 Nigeria ilifunga tena mipaka yake ya nchi kavu kwa bidhaa, na haikuanza kuifungua hadi Desemba 2020. Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger ziliondoka rasmi ECOWAS. Pande zote zimesema wananchi waendelee kupita, na hilo ni jema, lakini kwa watu wa nchi hizo tatu limebaki kuwa hisani ya serikali.

Arusha: mlango wazi, kizingiti kirefu

Katika hili Afrika Mashariki ilianza kwa hatua njema kuliko wote. Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unampa kila mkazi wa nchi mwanachama haki ya kuishtaki serikali yoyote ya Jumuiya kwa kukiuka Mkataba, tena bila kulazimika kupitia kwanza mahakama za nchi yake. Olajide angekuwa mkazi wa Mwanza au Kisumu, angesikilizwa.

Mohochi alisikilizwa. Uganda ilijitetea kwamba ni nchi huru na ina mamlaka ya kuamua nani aingie. Majaji walikubali kwamba nchi inaweza kumkatalia raia wa nchi mwanachama, ila kwa sababu zinazokubalika katika Itifaki ya Soko la Pamoja, na baada ya kumweleza sababu hizo na kumpa nafasi ya kujibu. Sheria ya uhamiaji ya nchi, walisema, sharti isomwe pamoja na Mkataba ambao nchi hiyo imeusaini kwa hiari. Hukumu hiyo ingestahili kubandikwa ukutani Namanga, Mutukula, Rusumo, Malaba na Gatuna.

Lakini historia ya Mahakama yetu ina doa, na lazima lisemwe. Novemba 2006 Mahakama ilizuia kwa muda kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, kufuatia shauri la Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake kuhusu namna walivyopatikana. Kabla ya mwaka kwisha, wakuu wa nchi waliurekebisha Mkataba. Waliigawa Mahakama kuwa na divisheni mbili, wakaongeza sababu za kumwondoa jaji, na wakaweka ukomo wa muda: mlalamikaji awe amefungua shauri ndani ya miezi miwili tangu tendo litokee au tangu alijue. Mahakama imekuwa ikiutafsiri ukomo huo kwa ukali.

Miezi miwili inamtosha wakili wa Nairobi. Inaitosha pia kampuni kubwa: mwaka 2017 Uganda ilipoweka ushuru tofauti kati ya sigara zake na zile zinazotoka nchi nyingine za Jumuiya, British American Tobacco ilifika Arusha upesi, na mwaka 2019 ikashinda. Lakini mfikirie mama wa Busia anayevuka na nyanya. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, Jumuiya imemwekea cheti chepesi cha asili ya bidhaa, kinachojazwa palepale mpakani, ili bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya zipite bila ushuru wa forodha. Akikutana na afisa asiyekitambua cheti hicho, ana njia tatu. Aache nyanya zioze, atoe kitu kidogo, au apite njia za panya. Njia ya nne, ya kwenda mahakamani, haimjii akilini, na ikimjia iko mamia ya kilomita kutoka kibandani kwake, kwa Kiingereza cha wanasheria, na saa inahesabu.

Mkataba wetu unayo dawa ile ya Ulaya. Kifungu cha 34 kinairuhusu mahakama ya nchi kuiuliza Mahakama ya Arusha maana ya Mkataba kabla ya kutoa hukumu. Ombi la kwanza la aina hiyo lilitoka Mahakama Kuu ya Uganda mwaka 2014, miaka 13 baada ya Mahakama ya Arusha kuzinduliwa. Njia ipo, ila haina nyayo.

Karibi: haki yenye bei

Turudi kwa Myrie, kwa kuwa hukumu yake ina vitu ambavyo yetu haina. Barbados ilidai kwamba uamuzi wa wakuu wa CARICOM wa mwaka 2007, uliowapa raia wote haki ya kuingia na kukaa hadi miezi sita, haukuwa umetungiwa sheria na bunge lake. Mahakama ya Karibi ilijibu kwamba nchi haiwezi kukwepa wajibu wake wa kijumuiya kwa kuchelewa kutunga sheria. Ikaeleza pia mgeni anaweza kukataliwa lini: akiwa tishio la kweli kwa jamii, au akielekea kuwa mzigo kwa hazina ya umma. Akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi, aambiwe pa kukata rufani, na aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ubalozi au ndugu zake.

Kisha Mahakama ikataja bei. Barbados ililipishwa dola zake 2,240 kwa hasara aliyoipata Myrie na dola 75,000 kwa udhalilishaji. Hukumu ya Arusha, kwa upande wake, iliishia kwenye matamko: Uganda imekiuka, tendo lake ni batili. Tamko lina heshima yake, lakini hazina hailihisi. Afisa uhamiaji ambaye kosa lake limeigharimu serikali yake fedha ataulizwa na wakubwa wake. Ambaye kosa lake limezaa tamko, huenda asilisikie kamwe. Na Mahakama yetu haikosi uwezo huo. Mwaka 2020, katika shauri la Martha Karua dhidi ya Kenya kuhusu kesi yake ya uchaguzi, iliamuru alipwe dola za Marekani 25,000. Aliyezuiwa mpakani naye anastahili kuhesabiwa vivyo hivyo.

Kitu cha pili ni uhuru wa mfuko. Mahakama ya Karibi inaendeshwa kwa mfuko wa amana ulioanzishwa kwa dola milioni 100 za Marekani, unaosimamiwa na wadhamini, ili serikali isiyopenda hukumu isiweze kuibana kwa njaa. Mahakama yetu inategemea michango ya nchi wanachama, ambayo ni kawaida kuchelewa. Anayetoa hukumu dhidi ya anayemlisha anahitaji ujasiri ambao hatupaswi kumtwisha jaji kila siku.

Sisemi Karibi ni pepo. Mlalamikaji binafsi huko anahitaji kwanza idhini ya Mahakama ndipo ashtaki. Uhuru kamili wa kuishi na kufanya kazi ulikawia hadi Oktoba 2025, tena ulianza na nchi nne tu: Barbados, Belize, Dominica, na Saint Vincent na Grenadines. Lakini Barbados, iliyoshtakiwa na kulipishwa, imo kati ya nchi hizo nne. Hukumu haikuivunja jumuiya, kama wanavyohofia wengi wa viongozi wetu.

Kaskazini pasipo na jaji

Yupo atakayenipinga kwa mfano wa nchi za Nordiki, na ni mfano wenye nguvu. Denmark, Norway, Sweden na Finland zilianza kuwaondolea raia wao sharti la pasipoti mwaka 1952, zikaunda soko la pamoja la ajira mwaka 1954, na mwaka 1955 zikakubaliana juu ya hifadhi ya jamii, ili Mfini anayefanya kazi Sweden asipoteze haki zake akiugua au akizeeka. Yote hayo bila mahakama ya Nordiki na bila tume yenye meno. Yalisimama juu ya kuaminiana kwa maofisa, daftari safi za wakazi, na mishahara isiyopishana sana.

Mfano huu unafundisha kwamba sheria peke yake haitoshi. Waliona mapema kwamba anayevuka mpaka anavuka na matibabu yake, watoto wake na uzee wake, jambo ambalo sisi bado tunasuasua nalo. Lakini tazama kilichotokea dhoruba ilipokuja. Wakimbizi walipoongezeka, Sweden ilirudisha ukaguzi mpakani Novemba 2015, na kuanzia Januari 2016 abiria wa treni kutoka Denmark walitakiwa kuonyesha vitambulisho kabla ya kuvuka mlangobahari wa Øresund. Wafanyakazi waliokuwa wakilala nchi moja na kufanya kazi nyingine walipotezewa muda wao kila siku, na hawakuwa na jaji wa Nordiki wa kumuuliza kama hatua hiyo ililingana na hatari iliyokuwepo. Mwaka 2020, wakati wa korona, mipaka iliyokuwa wazi tangu enzi za babu zao ilifungwa kwa amri. Imani ilitosha miaka ya neema. Na kama majirani wenye hali zinazokaribiana vile waliyumba, sisi ambao kipato cha nchi moja kinapishana sana na cha jirani yake tunahitaji jaji zaidi yao.

Hofu ya mwenye nyumba

Hofu ya wanaosita kufungua milango nayo ina msingi wake. Mchuuzi wa Kariakoo au Gikomba anayeona mgeni mwenye mtaji mkubwa akifungua duka mkabala na lake haogopi kivuli. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na uongozaji watalii. Wachuuzi wengi waliipokea kwa furaha. Kenya ililalamika, lakini Kenya nayo Machi 2021 ilikuwa imezuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni mpakani. Rwanda na Uganda zilikaa takriban miaka mitatu, tangu Februari 2019 hadi Januari 2022, kituo cha Gatuna kikiwa kimefungwa, na ndugu wa kilima kimoja wakashindwa kuzikana. Hakuna nchi yetu iliyo safi.

Hofu hizi zinahitaji mahali pa kupimwa. Je, mahindi yalikuwa na sumu kweli, na shehena zipi? Je, mchuuzi wa Burundi ndiye anayemtishia mchuuzi wa Kigoma, au amri iliyomlenga mgeni kutoka mbali imemnasa jirani mwenye Itifaki mkononi? Mawaziri wakikutana, maswali kama haya huisha kwa picha ya pamoja na tamko la udugu, kwa sababu kila mmoja anajua kesho yeye ndiye atakayekuwa na cha kufichiwa. Jaji analazimika kudai ushahidi na kuandika sababu. Hata nchi inayoshinda, kama Uingereza ilivyomshinda van Duyn, inatoka imeeleza kwa nini, na mipaka ya uwezo wake ikiwa imechorwa. Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe, wakitueleza hali ya dunia ilivyo. Walisema pia mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, wakitueleza dunia inavyopaswa kuwa. Jumuiya iliyotaja wananchi katika Mkataba wake haiwezi kuishi kwa methali ya kwanza peke yake.

Kwa hiyo nayaomba mambo manne, na yote yanawezekana bila kuunda chombo kipya. Kwanza, ukomo wa miezi miwili uongezwe uwe walau mwaka mmoja. Pili, mahakimu wetu wa Busia, Tarime, Arua na Kigoma wafundishwe Kifungu cha 34, na mawakili waanze kukitumia, ili shauri la mpakani lianzie mpakani. Tatu, kila raia wa Jumuiya anayekataliwa kuingia apewe karatasi yenye jina lake, sababu na njia ya rufani, na iandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo wakuu wetu waliridhia Februari 2021 iwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Nne, Mahakama iwe na mfuko wake wa amana, na isisite kuamuru fidia.

Leo Jumuiya ina nchi nane, kutoka Mogadishu hadi Kinshasa, na marais wetu wanazungumzia shirikisho. Kabla ya bendera nyingine, watupe kwanza jumuiya ambayo mama wa nyanya anaweza kuishtaki na kushinda. Nawe msomaji, ukizuiwa mpakani na Itifaki iko upande wako, dai sababu kwa maandishi, tunza tarehe, mtafute wakili kabla miezi miwili haijakwisha. Mohochi alifanya hivyo, na hukumu yake bado ni sheria.